Saa ya mkononi imemwonya Mzee kuhusu moyo wake: tuiamini?

Swali: "Daktari, naandika kutoka Sakina, Arusha. Baba yangu ana miaka 69, anaishi Kibosho, na amemeza dawa ya presha kwa miaka kumi na moja. Desemba kaka yetu alipokuja kula Krismasi alimletea saa janja kutoka Uingereza. Tangu aivae imemtumia mara mbili ujumbe kwamba mapigo ya moyo wake hayana mpangilio: tarehe 27 Desemba, na tena wiki iliyopita. Baba anasema hajisikii chochote. Mama ndiye halali; usiku anamulika tochi ya simu kuangalia namba kwenye mkono wa baba. Mimi nami nilimnunulia saa nyingine mjini, Sh 35,000, inayopima na presha. Hiyo inaonyesha 118/76 karibu kila siku, kwa hiyo baba ameacha vidonge tangu katikati ya Januari. Tuamini ipi? Na hizi saa zinatufaa sisi wenye ngozi nyeusi? Ni mimi, Mama Glory."

Jibu: Mama Glory, pole kwa wasiwasi, na umfikishie Mzee shikamoo yangu. Kabla ya maelezo yoyote, kuna mambo mawili ambayo hayasubiri.

La kwanza ni vidonge. Mpigie Mzee leo jioni. Kesho asubuhi ameze kidonge chake kimoja kama alivyoandikiwa, asimeze viwili kufidia vilivyopita, na kesho hiyohiyo aende zahanati iliyo karibu apimwe presha kwa mashine ya mkanda unaobana mkono. La pili, wiki hii apelekwe hospitali yenye kipimo cha umeme wa moyo, yaani ECG. Kwa mtu wa Kibosho, Moshi mjini si mbali. Kuna Mawenzi na kuna KCMC. Ujumbe wa saa ya kaka yako nauchukulia kwa uzito. Namba za presha za saa uliyonunua wewe siziamini hata kidogo, na kati ya yote uliyoniandikia, hizo ndizo zilizonitia hofu zaidi.

Nakueleza kwa nini. Mwaka jana mama mmoja alikuja kliniki akiwa na saa ya aina hiyo, ya bei hiyohiyo. Mashine yetu ya mkanda ilisoma 186/104, saa yake ikasoma 119/77. Tukarudia, hali ikawa ileile. Alikuwa amefika na mkungu wa ndizi mshare wa kumpelekea dada yake, basi nikamwomba ndizi moja mbichi. Nikaivua ile saa, nikaizungushia ndizi, nikakaza mkanda, nikabonyeza kupima. Taa ya kijani ikawaka, ikapepesa, na baada ya muda kioo kikaandika: mapigo 74, presha 121/79. Ndizi haina moyo wala damu. Yule mama alinyamaza kimya kirefu, kisha akaniambia kwamba alikuwa amepunguza dawa kwa miezi miwili kwa ajili ya zile namba.

Sikulaumu kwa kuinunua, ulifanya kwa mapenzi. Lakini ni vizuri ujue kinachotokea ndani yake. Saa nyingi za mkononi zina taa ndogo za kijani zinazomulika ngozi, pamoja na kijicho kinachopima mwanga unaorudi. Damu inafyonza mwanga wa kijani. Kila moyo unaposukuma, damu inajaa kidogo kwenye mishipa ya ngozi na mwanga unaorudi unapungua. Moyo ukipumzika, mwanga unaongezeka. Kwa kuhesabu huko kupanda na kushuka saa inapata mapigo. Hilo inaliweza vizuri kama imetengenezwa vizuri. Presha ni kitu kingine: ni nguvu ambayo damu inasukuma nayo kuta za mishipa, na ili kuijua kwa uhakika lazima mshipa ubanwe kisha uachiwe. Ndiyo maana Omron na Huawei walipotaka saa ipime presha kweli, waliweka kifuko cha hewa kinachojaa ndani ya mkanda wa saa. Samsung wanatumia mwanga, lakini wanamtaka mtumiaji aisawazishe saa na mashine ya mkanda kila baada ya siku 28. Saa ya Sh 35,000 haikukutaka ufanye lolote kati ya hayo. Inachofanya ni kukisia namba zinazokaribia za mtu mzima wa afya, na namba hizo zinampendeza kila anayeivaa.

Kama ungeniuliza pesa ya afya ya Mzee iende wapi, ningesema nunua mashine ya presha ya mkanda wa juu ya kiwiko, yenye saizi inayoutosha mkono wake. Akae dakika tano, mgongo umeegemea kiti, miguu yote chini bila kukunja nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo, awe amekojoa, na asiwe amekunywa kahawa au kuvuta sigara nusu saa kabla. Apime mara mbili, aache dakika moja katikati. Asubuhi na jioni kwa siku saba, na mama aandike kwenye daftari. Namba za siku ya kwanza ziacheni, zilizobaki tafuteni wastani. Nyumbani, wastani wa 135/85 au zaidi ni presha ya juu. Hospitalini tunahesabu kuanzia 140/90. Presha ya juu haiumi, na ndiyo maana "hajisikii chochote" hainitulizi.

Sasa turudi kwenye saa ya kaka.

Hukutaja ni ya kampuni gani, ila ujumbe ulioueleza unafanana na wa saa ambazo kazi hiyo imefanyiwa utafiti wa kweli. Mmojawapo mkubwa uliendeshwa na Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, kwa saa za Apple, na ulichapishwa mwaka 2019. Walishiriki watu 419,297, zaidi ya nusu wakiwa chini ya miaka 40. Waliopata onyo la mapigo yasiyo na mpangilio ni 2,161 tu, sawa na 0.52%. Kwa wenye miaka 65 na zaidi kiwango kilipanda hadi 3.1%. Maana yake ni kwamba saa ile haikuwa inapiga kelele ovyo. Haitoi onyo kwa pigo moja lililoruka: inasubiri mtu atulie, inachukua vipande vya mapigo, na onyo linatoka kama vitano kati ya sita vimevurugika.

Waliopata onyo walitumiwa kipimo cha kubandika kifuani, wakakivaa hadi siku saba. Kati ya 450 waliokirudisha, 34% walikutwa na tatizo lenyewe. Usiseme basi theluthi mbili walidanganywa. Tatizo hili huja na kuondoka, na kipimo kilivaliwa kama wiki mbili baada ya onyo. Pale ambapo onyo lilitokea wakati mtu amevaa vyote viwili, saa na kipimo vilikubaliana kwa 84%. Mzee ana miaka 69, ana presha, na ameonywa mara mbili kwa wiki tofauti. Huyo ndiye mtu ambaye onyo lake halipaswi kufunikwa.

Tatizo tunalolitafuta linaitwa fibrilesheni ya atiria. Moyo una vyumba vinne, viwili juu na viwili chini. Kwa kawaida vile vya juu vinajikunja kwa pamoja na kusukuma damu iende chini. Katika ugonjwa huu vya juu havijikunji, vinatetemeka tu, kama sufuria ya uji inayochemka polepole. Vya chini vinapokea amri za umeme bila utaratibu, na pigo linakuja likipishana: haraka, kimya, haraka haraka, kimya kirefu. Wengine wanahisi moyo unaruka au pumzi inakata wakipanda mlima. Wengi, kama Mzee, hawahisi lolote. Hatari yenyewe iko kwenye kijifuko kidogo kilicho pembeni ya chumba cha juu kushoto. Damu isiyosukumwa inatuama humo, inaganda, na bonge likichomoka linaweza kupanda kichwani na kuleta kiharusi. Mtu mwenye fibrilesheni ya atiria ana hatari ya kiharusi takribani mara tano ya asiye nayo. Ongeza presha isiyotibiwa juu yake, na utaelewa kwa nini nimeanza na vidonge.

Jumamosi ukipanda Kibosho, usisubiri saa. Mkalishe Mzee, mkono wake ulale mezani kiganja kikitazama juu. Weka vidole vyako viwili, cha shahada na cha kati, chini ya shina la dole gumba lake, kwenye ule mfereji kati ya mfupa na mshipa mgumu. Usitumie dole gumba lako, maana lina mpigo wake na litakuchanganya. Bonyeza taratibu hadi uhisi mpigo, kisha tulia. Usihesabu kwanza. Sikiliza mwendo, kama unavyosikiliza mtu anayetwanga kwenye kinu. Mwendo wa kawaida unatabirika. Unajua pigo linalofuata litakuja lini. Pigo moja moja likiruka kisha mwendo ukarudi, mara nyingi si jambo kubwa. Usipoweza kabisa kubashiri linalofuata, kama mtwangaji asiye na mwendo, hiyo ndiyo fibrilesheni inavyojionyesha mkononi. Kisha hesabu dakika nzima, si sekunde kumi na tano. Akiwa amepumzika tunatarajia 60 hadi 100. Andika namba, na andika pia "sawa" au "ovyo". Wauguzi wa zamani waligundua moyo mbovu kwa vidole hivyohivyo.

Onyo la kwanza lilikuja tarehe 27 Desemba, na hilo nimelitazama mara mbili. Sote tunajua Krismasi ya Uchaggani: watoto wamerudi, mbuzi amechinjwa, mbege inazunguka kwenye kata tangu asubuhi, na bia zimefuata. Mwaka 1978 madaktari wa Marekani walieleza wagonjwa ambao mapigo yao yalivurugika baada ya kunywa sana siku za sikukuu na mwisho wa wiki, nao wakauita moyo wa sikukuu. Pombe nyingi kwa mara moja inaweza kuwasha fibrilesheni hata kwa mtu ambaye hakuwa nayo. Kama onyo lingekuwa hilo moja tu, ningeshika zaidi upande wa mbege. La wiki iliyopita limekuja baada ya sikukuu kwisha. Muulize Mzee kwa heshima amekunywa nini siku zile mbili, na daktari aambiwe ukweli bila aibu.

Hospitalini atalazwa kitandani, atabandikwa waya kifuani, mikononi na miguuni, na ndani ya dakika chache karatasi itatoka. ECG hiyo inautazama moyo kutoka pande kumi na mbili. Hata saa inayojisifu kuwa na ECG inautazama kutoka upande mmoja tu. Wakati wa ECG saa avae, na simu iliyounganishwa nayo ije imechajiwa, ili daktari aone tarehe na saa ya kila onyo. Kama karatasi ya siku hiyo ni nzuri, msishangilie na kuondoka. Ombeni kipimo cha kuvaa saa 24 au zaidi, kinachoitwa Holter kwa jina la mvumbuzi wake Norman Holter wa Marekani. Mwishoni mwa miaka ya 1940 kifaa chake kilibebwa mgongoni na kilikuwa na uzito wa takribani kilo 38, karibu mara mbili ya mzigo wa kilo 20 anaoruhusiwa mpagazi wa Kilimanjaro. Siku hizi kinakaa mfukoni.

Pia ombeni ultrasaundi ya moyo na kipimo cha damu cha tezi ya shingo. Tezi inayofanya kazi kupita kiasi huvuruga mapigo. Ultrasaundi naisisitizia kwa sababu ya historia ya nchi yetu: watu wengi waliugua mafindofindo utotoni bila kutibiwa, yakafuatiwa na homa ya baridi yabisi iliyoharibu vali za moyo, na madhara yanajitokeza ukubwani. Hili lina uzito kwenye dawa. Ikiwa Mzee atakutwa na fibrilesheni, kwa hesabu tunayotumia tayari ana pointi mbili, moja ya umri na moja ya presha, na kwa mwanaume mbili zinatosha kumshauri dawa ya kuzuia damu kuganda. Aspirini haitoshi kwa kazi hiyo, hata kama jirani ameimeza miaka yote. Na kaka asitume dawa mpya kutoka Uingereza kabla vali hazijatazamwa. Utafiti wa INVICTUS, uliochapishwa mwaka 2022 na kuhusisha wagonjwa wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, ulionyesha kwamba kwa fibrilesheni yenye vali zilizoharibiwa na baridi yabisi, warfarini, dawa ya siku zote ya kuzuia damu kuganda, iliwalinda wagonjwa vizuri kuliko dawa mpya ya rivaroxaban. Warfarini nayo ina masharti: damu inapimwa mara kwa mara, na mboga za majani kama mnafu hazikatazwi bali ziliwe kwa kiasi kilekile wiki hadi wiki.

Na jambo jingine, ili usije ukadhani kila fibrilesheni iliyonaswa na kifaa ni kiharusi kilichozuiwa. Denmark walichukua watu 6,004 wa miaka 70 hadi 90 wenye vihatarishi, baadhi wakawekewa kifaa kidogo chini ya ngozi cha kufuatilia mapigo mfululizo. Matokeo ya mwaka 2021 yalionyesha fibrilesheni ilinaswa mara tatu zaidi kwa waliowekewa, lakini viharusi havikupungua kwa kiwango cha kuthibitika. Vipindi vifupi vya dakika chache si sawa na mvurugiko wa siku nzima. Kwa hiyo uamuzi wa dawa utoke kwa daktari aliyemwona Mzee mzima, si kwenye kioo cha saa.

Kuhusu ngozi yetu, swali lako ni la haki kabisa. Kwa mapigo ya moyo, watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke walipima saa kadhaa kwa watu wa rangi mbalimbali za ngozi, wakachapisha mwaka 2020: hawakuona tofauti kubwa kwa rangi, ila kosa liliongezeka kwa karibu 30% mtu akiwa kwenye harakati. Basi namba inayotoka Mzee akiwa kihambani anakata migomba kwa panga, iacheni. Saa ikae kidole kimoja juu ya mfupa wa kifundo cha mkono, imekaza lakini haimbani, na ijulikane kwamba asubuhi za baridi za Julai huko juu damu hukimbia ngozi na saa hupotea. Kupima oksijeni ya damu kwa mwanga ni habari nyingine. Utafiti wa hospitali za Marekani uliochapishwa Desemba 2020 ulionyesha kwamba vipimo vya kidoleni vilikosa kuona upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu kuliko kwa weupe. Nawaambia hili hata waongozaji wa mlima wanaotegemea kifaa cha kidoleni kule Kibo: mtazame mteja anavyotembea na anavyojibu, usiitazame namba peke yake.

Nimwombee mama yako usingizi. Mapigo hushuka mtu akilala, yanaweza kufika 50 au chini kidogo bila ubaya wowote, kwa hiyo namba za saa nane usiku zitamtisha bure. Ingieni kwenye programu ya simu mzime tahadhari nyingine, mbakize ya mapigo yasiyo na mpangilio tu. Mama aangalie mara moja kwa siku, baada ya chai. Na kama kuna mtu nyumbani mwenye kifaa cha umeme cha kusaidia moyo kilichopandikizwa kifuani, saa na chaja yake vikae angalau sentimita 15 mbali nacho, kwa sababu ya sumaku.

Lipo jambo ambalo hakuna saa kati ya hizo mbili itakayowaambia: mshtuko wa moyo. Saa haioni mshipa wa moyo ukiziba. Mzee akisikia kifua kizito kama kimekaliwa, maumivu yakienda mkononi, shingoni au kwenye taya, jasho baridi, au pumzi ikikata ghafla, msimame hapohapo mtafute gari. Vivyo hivyo mdomo ukipinda upande mmoja, mkono ukilegea, au maneno yakitoka yamevurugika, hata kama yatapotea baada ya dakika kumi. Mama asisubiri kukupigia wewe Arusha kwanza, wala kaka Uingereza. Mpangeni leo jirani mwenye gari, namba yake iandikwe kwa kalamu ukutani karibu na mlango.

Ukishapata karatasi ya ECG na daftari la presha la siku saba, nipigie picha zote mbili unitumie. Nitazisoma.